Asilimia Sita

Bwana Chedly, mkuu wetu wa mitambo, alikuwa na neno moja tu mdomoni: asilimia sita. Ukimwambia kompyuta zimezubaa, anakuonyesha skrini kubwa ukutani.

"Raoudha, tazama mwenyewe. Seva inatumia asilimia sita ya nguvu zake. Imelala usingizi. Wavivu ni nyinyi."

Basi nikawa mvivu. Kazi yangu ni kupokea simu za dharura hapa mjini Sfax na kutuma gari la wagonjwa. Anwani naiandika upesi, nabonyeza, halafu kile kiduara cha kusubiri kinaanza kuzunguka kwenye skrini. Dereva hatoki mpaka seva, ile kompyuta kuu, imletee anwani, maana redio za magarini Chedly alishaziondoa, eti za kizamani. Hivyo ndivyo alivyokufa Mzee Tijani, mwoka mikate wa barabara ya Teniour. Binti yake, Hayfa, alikuwa ananililia kwenye simu: "Dada, gari liko wapi?" Nami namjibu linakuja, huku kiduara kinazunguka.

Chedly akanibebesha zigo lote. Ikaundwa kamati: ati nilichelewa kubonyeza. Kazi wangeichukua tu, sikuifia. Lakini niitwe mwanamke aliyemuua Tijani, mjini kwetu, mbele ya mama yangu? Hilo lilikuwa linanikosesha usingizi.

Nikamfuata Wissem, fundi wa seva, niliyesoma naye darasa moja. Akakubali kuangalia asubuhi ya kamati, wakati Chedly ametoka kunywa kahawa yake.

Alikaa na mkate wa tuna na pilipili ya harisa mkononi, anatafuna, anabonyeza kwa kidole kimoja. Akafungua ukurasa ambao Chedly hakuwahi kuugusa, unaoonyesha prosesa, zile bongo za seva, moja moja badala ya wastani wa zote. Akaacha kutafuna.

"Ziko kumi na sita," akasema. "Hii ya kwanza imeelemewa mpaka inatoa ulimi. Hizi kumi na tano zinakunywa kahawa na mkuu."

"Maana yake nini?"

"Programu yenu ya simu imefungiwa kwenye prosesa moja, dada yangu. Nyote mnapanga foleni kwa huyo mmoja. Sasa ukichukua kazi ya mmoja ukaigawa kwa kumi na sita, si unapata asilimia sita?"

"Nani kaifungia?"

Akajikuna kichwa. "Mkuu mwenyewe. Zamani programu ilikuwa inaanguka ikipewa prosesa nyingi, akaifungia kwa muda. Ikaja programu mpya, yeye akasahau kufungua. Mkilalamika, ananunua prosesa zaidi. Anaongeza wanywa kahawa."

Yeye alicheka. Mimi machozi yalinilenga kwa furaha. Nikatoka mbio kumwita katibu wa kamati aje aone kwa macho yake.

Niliporudi naye, Wissem alikuwa anajipangusa harisa kidevuni, uso umemng'aa.

"Tayari," akasema.

"Tayari nini, Wissem?"

"Nimeifungua, nimeiwasha upya. Sasa inakimbia. Ningeiachaje, na simu zinaingia?"

Mafundi ndivyo walivyo. Akiona kilichoharibika, mkono unatangulia, akili inafuata baadaye. Nilimuuliza kama aliupiga picha ule ukurasa kwanza. Uso ukamshuka.

"Hesabu za prosesa moja moja seva haizitunzi," akasema polepole. "Inatunza wastani tu."

Katibu akatazama saa yake, akaondoka.

Kwenye kamati Chedly hakupoteza muda. Alisema tujaribu papo hapo. Akaandika anwani ya barabara ya Teniour, akabonyeza, na kabla hajainua kidole dereva alikuwa ameshaipata.

Wissem akasimama. "Ilikuwa imefungiwa, waheshimiwa. Nimeifungua mimi leo asubuhi."

"Umegusa seva asubuhi ya kamati, bila ruhusa, na huyu ni rafiki yako," Chedly akasema kwa upole. "Kaa chini, mwanangu, usijiharibie." Kisha akawaonyesha rekodi ya siku aliyokufa Tijani. Asilimia sita. Wissem akakaa.

Hayfa alikuwa ameketi mwisho wa meza. Alipoingia alinipa mkono, akaniambia hanishuku, mitambo ni mitambo. Sasa akamwomba Chedly arudie. Chedly akarudia. Kufumba na kufumbua, anwani imefika.

Hayfa akanigeukia taratibu.

"Dada," akaniita, kwa sauti ileile ya kwenye simu, "kumbe ni haraka hivi. Sasa wewe siku ile ulikuwa unafanya nini?"

Nikaitazama skrini; kiduara hakikuwepo tena.

"Nilikuwa nasubiri," nikasema.