Pazia la Maua Mtoni

Mama mwenzangu, kama una mtoto anayefanya kazi juu ya maji, soma mpaka mwisho kabla hujagusa mkasi.

Palikuwa na mama mmoja, mke wa seremala, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Angalia, maana neno hilo halikumbanduka kinywani tangu kukicha: angalia moto, angalia ngazi, angalia huyo kuku. Kitindamimba wake, msichana mwenye mabega mapana na kicheko cha kusikika ng'ambo, waliyemwita Kitinda, alikuwa ameingia kikundi cha kijiji kinachotembeza wageni mtoni, ndani ya msitu mkubwa. Kikundi hicho hakikuwa na tajiri. Wanakijiji wenyewe ndio wapishi, ndio wapiga makasia, ndio waongozaji. Na wageni walichukuliwa wachache tu, wa kutosha mtumbwi mmoja, ili wanyama wasikimbie na msitu usikanyagwe ovyo.

Sasa zamu ya Kitinda kujaribiwa ilifika. Angeshika kasia la nyuma, lile linaloamua mtumbwi uelekee wapi, huku mwenyekiti akimtazama. Akifaulu, kasia ni lake. Akishindwa, anarudi kusugua masufuria ya kikundi.

"Utakuja kama mpishi, mama," Kitinda alisema jikoni, akimenya viazi. "Lakini mwenyekiti ametoa sharti. Usitamke 'angalia' mtumbwini. Wageni watadhani tunawapeleka kuzimu."

"Mimi? Nitanyamaza kama sufuria hili."

"Sufuria hilo likichemka linapiga kelele, mama."

Walicheka, lakini moyo wa mama haukucheka. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Akaukumbuka mto ulivyo, na magogo yake yaliyolala chini ya maji. Desturi ya kikundi ilikuwa hii: penye gogo, hufungwa kitambaa chekundu kwenye tawi la juu yake. Ukikiona, huulizi, unahamia ukingo wa pili.

Mama akawaza, kama kitambaa kimoja kinalinda, vingi si vitalinda zaidi? Akashusha pazia la chumbani, jekundu lenye maua meupe, akalikata vipande vipande. Siku iliyotangulia safari akasingizia kuni, akapanda kimtumbwi chake, akafunga kila mahali palipomtia hofu: penye kivuli, penye mzizi uliofanana na nyoka, hata penye ndege aliyemtazama vibaya. Kwenye kona kubwa alikuta kitambaa cha zamani cha kikundi, kimepauka kama tambara la kudekia. Mama ni mtu wa usafi. Akakifungua, akakitupa, akafunga kipya chenye maua.

Nyumbani mumewe alimpokea mlangoni. "Mke wangu, pazia liko wapi? Jirani amenisalimia nikiwa navaa suruali."

"Limeenda kazini," akajibu, akapita.

Kulipokucha wakaingia mtoni. Kitinda nyuma, mwenyekiti mbele, wageni kati na makasia yao, mama miongoni mwa masufuria, jaketi la kuelea limembana kifua. Kitambaa cha kwanza hicho, wakahamia kushoto. Cha pili, kulia. Mtumbwi ukawa unakwenda kama mlevi anayetafuta mlango wake.

"Mto huu una magogo mengi hivi?" aliuliza mgeni mmoja, mzee wa kofia pana.

"Tulia, bwana," mkewe akamjibu. "Kwani wewe umewahi kwenda popote moja kwa moja?"

Kitinda akasogeza mtumbwi hadi tawini, akakishika kitambaa. "Mama. Hili si pazia la chumbani?"

Mama akachungulia ndani ya sufuria la wali kana kwamba jibu limo humo. Mwenyekiti, ambaye kwa kazi ni fundi cherehani, akajivutia tawi, akaupapasa mshono. "Pindo hili nimelishona mimi mwenyewe!"

Mtumbwi mzima ukacheka hadi nyani wakajibu juu mitini.

"Haya," Kitinda akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Chenye maua tunakipita. Chekundu kitupu tunakiheshimu."

Safari ikanoga. Wakaona fisimaji akijipindua na samaki mdomoni, wakaona vipepeo wamejaa mchangani kama shanga zilizomwagika. Mama naye akaanza kupumua.

Ndipo kona kubwa ikatokea mbele, na kitambaa chenye maua kikipepea upande wa kulia. Mtumbwi ukielekea huko huko, bila wasiwasi.

Mama akakikumbuka kile cha zamani alichokitupa. Akisema, amevunja sharti, na pengine kasia la mwanawe linaenda na maji. Asiposema, mtumbwi unaenda na maji.

"Kitinda! Gogo! Kulia, chini ya maua! Nilitoa cha zamani nikafunga hiki!"

Maisha yake yote Kitinda alikuwa akiambiwa angalia bila kuambiwa aangalie nini. Mara hii alitajiwa kitu na mahali. Hakuuliza.

"Kulia vuta! Kushoto shikilia!"

Wakavuta. Pua ya mtumbwi ikageuka, na gogo likapita ubavuni, jeusi kama mgongo wa ng'ombe, likakwaruza mbao *krrr*, kisha likabaki nyuma. Kilichodondoka majini ni ile kofia pana tu.

"Sikuipenda kamwe," mke wa mzee akasema, na pumzi zikarudi.

Mwenyekiti akamtazama mama. "Sharti letu je?"

"Lile neno sijalitamka," mama akajibu kwa sauti ndogo.

"Kweli hajalitamka!" wageni wakamtetea kwa pamoja.

Walipotia nanga gatini, mwenyekiti alimkabidhi Kitinda kasia mbele ya kikundi chote. "Mama kamchosha asubuhi nzima," alisema, "na bado mtoto alijua wakati wa kumsikia. Kasia ni lako. Ila hilo pazia lenu, mkaliondoe."

Kesho yake wakarudi mtoni wawili tu. Mama akasimama kufungua fundo la kwanza, mtumbwi ukayumba.

"Angalia, mama!" Kitinda akapiga kelele.

"Niangalie nini?" mama akauliza. "Sema kitu, mwanangu. Sema na mahali."