Ukuta Nyuma ya Kabati

Kila aliyeingia katika nyumba ile kwa mara ya kwanza alilishangaa kabati. Lilikuwa kabati la vyombo, zito, la mbao nyeusi, na mahali pake pa haki palikuwa jikoni. Badala yake lilisimama sebuleni, katikati ya ukuta mrefu kuliko kuta zote, limeziba swichi ya taa na robo ya dirisha. Ukitaka kuwasha taa ulipenyeza mkono nyuma yake mpaka begani, ukapapasa. Wageni walipouliza, mwenye nyumba, ambaye jengo zima lilimwita Nesi kwa sababu ya kazi yake, aliwajibu kwamba sakafu za kizamani hazilingani na kabati lilikataa kutulia kwingineko. Mumewe alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Ukweli ulikuwa nyuma ya kabati. Jengo hilo zamani lilikuwa ghala la pamba, kabla halijakatwakatwa kuwa makazi ya watu: dari juu sana, nguzo za chuma, madirisha marefu, na kuta zilizopakwa chokaa juu ya chokaa. Nesi na mumewe walipohamia, mdogo wake mume alijitolea kuwapakia rangi. Shemeji huyu alikuwa hodari wa kuanza mambo. Alishaanza ukinyozi, akaanza kufuga kuku, akaanza gitaa. Siku hiyo alikuja na brashi mbili na kopo la rangi ya mafuta, akaipaka moja kwa moja juu ya chokaa huku akiimba. Rangi ya mafuta na chokaa ni wake wenza. Ukiwalaza pamoja usitegemee amani. Wiki haikuisha, ukuta ukaanza kuvimba, kisha ukabambuka vipande vipande.

Sasa nani amwambie? Mume alikuwa amemlea mdogo wake tangu wazazi wao walipofariki, na hakuwahi kumnyima neno jema, kwa kuwa mara nyingi ndilo pekee alilokuwa nalo la kumpa. Nesi naye, ambaye kazini hakuona shida kumwambia mgonjwa kwamba kidonda chake kinanuka, nyumbani alipata ububu. Wakasifu. Walisifu mpaka wakapitiliza, kisha wakasukuma kabati.

Miaka ikaenda. Shemeji aliingia kwao bila hodi, akafunua masufuria, akaonja kilichomo, kisha akaupigapiga ule ukuta pale ulipokuwa bado mzima na kuuliza, "Shemeji, rangi yangu inasemaje?" Nesi alikuwa akimjibu kwamba inamsalimia sana. Wakacheka wote. Alikuwa na furaha ya kweli mtu yule, na hilo ndilo lililofanya uongo uwe mtamu kuusema.

Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Mabaka yalianza kuchungulia pande zote mbili za kabati, na magamba ya rangi yakawa yanadondokea ndani ya vikombe. Tena shemeji akaanza kusema kwamba akipata nafasi atakuja kuwapakia na chumba cha kulala, bure, kwa mapenzi tu. Nesi alikosa usingizi. Mara shemeji akaadimika. Alipiga simu mara moja tu kusema amepata shughuli, atawaeleza ikishakaa sawa, na mume na mke wakatazamana wakijua kwamba nafasi ndiyo hiyo.

Mume alisema Nesi atafute mafundi wa kweli, watu wa kampuni, ila yeye asihusishwe. Nesi akasema mwenye mdogo ni yeye. Mume akajibu kwamba mdogo huyo anamsikiliza zaidi shemeji yake. Walirushiana mpira huo mpaka chakula kikapoa, na mwishowe Nesi akapiga simu kwenye kampuni.

Akaja msimamizi, mtu mwembamba mwenye tochi. Hakuangalia rangi kwa macho kama watu wengine. Aliilaza tochi ubavuni mwa ukuta, mwanga ukatambaa juu yake, na kila kinundu, kila ufa, kila mchirizi ukatoa kivuli. Aligonga kuta kwa vifundo vya vidole akisikiliza palipo tupu. Alieleza kwamba nyumba za aina hii zimevaa nguo juu ya nguo, na asiyezivua hapaki, anafunika. Alipofika kwenye kabati Nesi alimwambia hapo nyuma pazuri tu, hapana haja. Msimamizi hakubisha. Alisema vijana wake watalisogeza siku ya kazi.

Siku ya kazi walipanda watatu. Wa kwanza msimamizi na tochi yake, wa pili fundi mnene aliyebeba ndoo za rangi, na wa tatu, aliyekuwa nyuma kabisa akihangaika kuikatisha ngazi kwenye kona ya korido, alikuwa shemeji.

Alikuwa amevaa ovaroli mpya yenye jina la kampuni mgongoni. Aliinua uso, akamwona Nesi mlangoni. Nesi alifungua kinywa, lakini yeye akamtangulia.

"Habari za asubuhi, mama," alisema, kwa adabu ya mtu asiyemjua.

Nesi alisema nzuri, karibuni. Kisha akaenda jikoni, akafunga mlango na kumpigia mumewe. Alimnong'oneza kwamba mdogo wake yuko sebuleni anatandika turubai na amejifanya hamjui. Mume alisema kama yeye mwenyewe ameamua hivyo, basi na wamwache hivyo. Akaongeza kwamba siku hiyo atachelewa kurudi, kazi ni nyingi.

Nesi alielewa bila kuambiwa. Wale watu hupakiwa kwenye gari asubuhi na kutajiwa mtaa tu, kwa hiyo shemeji alijua ni nyumba gani alipokuwa tayari mlangoni pake. Aseme nini hapo? Akisema hii ni nyumba ya kaka yangu, swali linalofuata hata mtoto angeliuliza: kwa nini kaka yako anaita watu baki na fundi yumo ndani ya ukoo? Nesi alimwonea huruma, akajionea na haya.

Alipotoka jikoni aliona jambo ambalo hakulitegemea. Shemeji alikuwa anafanya kazi. Hakuimba. Alibandika karatasi kwenye mbao za madirisha, akafungua vifuniko vya swichi kwa bisibisi badala ya kuvipaka rangi, akaziba nyufa, akapiga msasa, akapangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Alipomaliza pembe moja alirudi akaipitia tena bila kuambiwa. Yule aliyeacha kuku, gitaa na ukinyozi njiani alikuwa amepiga goti kwenye kona anajaza tundu la msumari.

Msimamizi alimwona Nesi akitazama, akadhani ana wasiwasi. Akamtoa hofu kwamba huyu bado yuko kwenye majaribio, lakini si mgeni wa kazi. "Kutwa anatusimulia nyumba ya kaka yake," alisema, na fundi mnene akacheka kama mtu aliyekwisha kuchoka na hadithi hiyo. "Ghorofani, kuta ndefu, alipaka peke yake, wanasifu mpaka leo. Nikasema haya, mtu wa hivyo tumjaribu."

Shemeji hakugeuka. Shingo yake tu ilibadilika rangi.

Ikabaki kabati. Nesi alisema vyombo bado vimo, akaambiwa vitatolewa. Akasema ni zito, akaambiwa wako wawili. Alibaki amesimama mikono kifuani huku shemeji na fundi mnene wakilikamata huku na huku, wakahesabu, wakalibeba. Walipolitua, msimamizi alikuwa ameshawasha tochi.

Ukuta ulikuwa umebambuka toka kimo cha mtu mpaka sakafuni. Palipobaki rangi ilikuwa imevimba, imechirizika, na ndani yake kulikuwa na nywele za brashi zilizokaukia humo. Magamba yalijaa sakafuni. Shemeji aliutazama ukuta, kisha akalitazama kabati, kisha tena ukuta.

"Mama," msimamizi aliuliza taratibu, "hii kazi aliifanya nani?"

"Mimi," Nesi alisema.

Alisema aliifanya mwenyewe walipohamia, kwa ujinga, hakujua mambo ya chokaa. Msimamizi alicheka kwa heshima, akasema basi kuanzia leo mama abaki na sindano, brashi awaachie wenyewe. Kisha akamgeukia shemeji. "Wewe wa nyumba ya kaka, chukua skrepa. Juu mpaka chini, tuone tofali. Mwonyeshe mama inavyotakiwa." Akashuka kwenda kuleta rangi iliyobaki garini, na fundi mnene akaingia chumbani na rola yake.

Shemeji alianza kukwangua. Rangi ilitoka kwa urahisi, vipande vipana kama chapati, haikuwa imeshika popote. Nesi alitamani afokewe, apate cha kujibu.

"Kabati liliwekwa lini?" shemeji aliuliza bila kugeuka.

Nesi angeweza kudanganya tena, ulimi ulikuwa tayari. Lakini alichoka.

"Wiki ile ile."

Skrepa ilipanda, ikashuka.

"Na kaka anajua?"

"Alilisukuma yeye."

Alikwangua sehemu nyingine kubwa kabla hajasema tena, na sauti yake haikuwa ya hasira, jambo lililomuumiza Nesi zaidi. "Kazi hii nimeipata kwa ukuta huu, shemeji. Waliniuliza nimewahi kupaka wapi, nikawatajia huu. Kwa kifua mbele."

Nesi alisema hawakutaka kumvunja moyo. Alisema na mengine mengi, kwamba walimpenda, kwamba siku zilipita, kwamba kila walivyokawia ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu. Yote yalikuwa kweli na hayakusaidia kitu.

"Hata kuku mlisema walikuwa wazuri," alisema shemeji.

"Kuku walikuwa wazuri kweli."

Shemeji alitikisa kichwa polepole, akaendelea kukwangua. Kuku wale walikuwa wazuri kweli, wanono, na Nesi alikuwa amewala kwa raha zake. Lakini sasa hakuwa na njia ya kulithibitisha hilo.

Kazi ilipokwisha nyumba ilikuwa nyingine. Ukuta mrefu ulikuwa mweupe wa maziwa, laini toka pembe hadi pembe, na taa iliwashwa kwa kidole kimoja. Msimamizi alipoaga alisema yule kijana wa majaribio anabaki, anajifunza upesi kuliko wengi. Kabati likaenda jikoni, ambako halikuyumba hata kidogo.

Jumapili yake, mume na mke wakiwa wamekaa sebuleni, mlango ukagongwa.

"Hodi."

Walitazamana, maana hawakuwa wakitegemea mgeni. Mume akafungua. Shemeji alikuwa amesimama nje ya kizingiti, hakuvuka mpaka alipoambiwa karibu. Alifuta viatu, akawasalimia, akaketi kwenye ncha ya kiti. Masufuria hakuyafunua. Ukuta hakuugusa. Waliulizana habari za afya, wakamaliza, wakawa hawana la kusema, watu ambao zamani walikatizana maneno.

Mume alikuwa ameiandaa sentensi yake tangu juzi. Alikohoa, akautazama ukuta.

"Mdogo wangu, umefanya kazi nzuri sana."

Safari hii ilikuwa kweli tupu. Nesi alijua, mume alijua, na angeletwa shahidi yeyote angesema vivyo hivyo.

"Ahsante, kaka," alisema shemeji.

Kisha akainuka, akaingiza mkono mfukoni na kutoa tochi ndogo. Akaenda mpaka ukutani, akailaza ubavuni, na kuanza kuupitia mwenyewe, taratibu, kutoka dirishani. Kaka yake na shemeji yake wakamsubiri amalize.