Herufi ya Maji

Mzee Burashi alikuwa ameshaamua, na akiamua hashauriki. Binti yake, aliyekuwa mwaka wa kwanza chuoni akisomea lugha na tamaduni za Asia ya Mashariki, angehamia kozi ya biashara. Fomu ya kuhama ilikuwa mezani katikati ya makopo ya rangi. Binti alikuwa ameijaza shingo upande, sasa ilisubiri sahihi ya mzazi, na mwisho wa kuirudisha ulikuwa kesho asubuhi.

"Mwanangu, nimewaandikia watu mabango miaka thelathini," mzee alisema. "Hizo herufi zako hata mimi naziandika sasa hivi, na shule sikumaliza. Ndiyo kazi ya kukaa miaka minne?"

"Haya, andika, baba." Akamwekea mbele herufi moja ya Kichina, yenye maana ya maji.

Mzee akacheka. Akaifanya kama bango la duka: akachora ukingo kwa penseli, akajaza wino, akanyoosha pembe. Usingeona dosari.

"Nzuri," binti akasema, "ila imekufa. Mwalimu wangu angejua kwa mbali kwamba imechorwa, haikuandikwa." Akachukua burashi. "Hakuna penseli, hakuna kurudia. Mivuto minne tu ya burashi, wa katikati kwanza." Akavuta pumzi, akaandika.

Mzee akainama kutazama. Mkono ule, alioufundisha kushika kijiko, ulikuwa umefanya jambo asiloliweza yeye. Aliona wivu, na wivu wenyewe ukamfurahisha.

"Hebu lete."

Ya kwanza ilitoka kama buibui aliyekanyagwa. Ya tano, binti alicheka akashika mbavu. "Baba, unaikimbiza!"

"Kelele! Mwanafunzi wako yuko kazini."

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mzee aliinama mpaka kiuno kikalalamika. Binti akaenda kusuuza burashi nyingine. Karatasi zikamwishia mzee, naye bila kuinua macho akapapasa mezani, akavuta iliyokuwa karibu.

"Nimeipata!" akapiga kelele. "Njoo uone!"

Binti akaja mbio, akainama kutazama. Maji yalikuwa yamekaa sawasawa, mivuto yote minne. Chini ya wino mbichi lilisomeka nusunusu jina lake, na maneno "ombi la kuhama kozi."

Mzee akaitazama fomu. Kisha akamtazama mwanawe, aliyekuwa ameziba mdomo kwa viganja.

"Fomu nyingine usilete," akasema, akichovya burashi tena. "Sasa nionyeshe herufi ya moto."