Skrubu ya Jino la Mama

Kaka yangu mkubwa ni daktari wa meno, nami pia ni daktari wa meno, na kliniki ni moja, vyumba vyetu vinatazamana. Wagonjwa wake humwita Vidole vya Dhahabu. Jina hilo analipenda kuliko lile alilopewa na baba. Siku ile mimi nilikuwa radhi nivivunje vidole hivyo kimoja baada ya kingine.

Mama alikuja asubuhi ameziba mdomo kwa leso. Jino la chini kushoto, ambalo kaka alimpandikizia, lilikuwa limelegea tena, mara ya tatu sasa. Kaka alikuwa na mgonjwa, kwa hiyo mama akaketi kwenye kiti changu. Kabla sijamuuliza lolote akaanza kujitetea: hajagusa mfupa, hajatafuna karanga, nyama anaikatakata kama ya kumlisha mtoto. Alijieleza kama mtu aliyeitwa polisi, na damu ikanichemka.

Hofu hiyo alitiwa na kaka. Kila jino lilipolegea alisema mama anatafuna kama mashine ya kusaga kokoto, na meza nzima nyumbani kwake, mama anakoishi, ikacheka. Mama naye alicheka. Baadaye akawa anasema ameshashiba kabla hata chakula hakijaletwa.

Nikalitoa lile jino. Jino la kupandikiza lina mzizi wa chuma uliozama kwenye mfupa, juu yake kuna shingo, na juu ya shingo ndipo linapokaa jino lenyewe. Shingo na mzizi hushikanishwa na skrubu moja, nyembamba kama njiti ya kiberiti. Ikikazwa sawasawa, shingo hutulia na mtu hutafuna atakacho. Ikikazwa nusunusu, shingo hucheza kila anapouma, na mzizi unaumia kwa kila tonge. Nilipomulika ndani, ukingo wa mzizi ulikuwa umepasuka. Mzizi wa namna hiyo haukaziki tena. Ni kuuchimba utoke, na mfupa kiasi unatoka nao.

Nikavuka kwenda kwa kaka. Mgonjwa wake alikuwa anatoka, anamshukuru. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nikafungua droo yake, nikaikuta spana ya kukazia skrubu kwa kipimo imo kwenye mfuko wake wa kiwandani, haijafunguliwa hata siku moja. Spana ile ina mkono unaopinda kadiri skrubu inavyokaza. Ukifika kwenye mstari unaacha, unasubiri kama dakika kumi, maana skrubu hulegea kidogo baada ya kukazwa, kisha unakaza tena. Kaka kusubiri hajui. Mama husema hata siku ya kuzaliwa alitoka kabla mkunga hajanawa mikono.

"Unakaza kwa kitu gani?" nikamuuliza.

"Kwa mkono. Mdogo wangu, nilianza kukaza haya meno wewe ukiwa bado shule. Vidole vyangu ndiyo kipimo."

"Mzizi wa mama umepasuka."

"Nilimwambia asitafunie upande ule," akasema.

Hapo nikapandwa na mori. Nikamwambia kwamba jino lisilotafuna ni pambo, na mama hakuomba pambo. Nikachukua spana, nikamkamata mkono wa koti kama mtoto mtoro, nikamvuta mpaka chumbani kwangu. Upande wa kulia mama alikuwa na jino la pili, kazi ya kaka vilevile, ambalo halijawahi kumsumbua. Nikaondoa kizibo kilichofunika skrubu, nikamwambia kaka alikaze kwa spana, mama mwenyewe akiwepo.

Akaweka spana. Skrubu ikazunguka. Ikazunguka tena, na mkono wa spana ulikuwa bado haujaanza kupinda. Ulipofika kwenye mstari hatimaye, aliweka spana mezani akataka kuondoka. Nikasimama mlangoni.

"Bado," nikasema. "Kaa usubiri."

Akakaa. Mama alijifuta mdomo, akanyoosha mkono, akamshika goti.

"Mwanangu, nisamehe," akasema. "Watu wanakusifu, mimi nakuharibia kazi."

Nilitaka kupiga kelele mpaka vioo vitikisike. Nikauma meno, nikamkazia macho kaka. Alikuwa anaviangalia vidole vyake.

"Si wewe, mama," akasema. "Sikulikaza inavyotakiwa. Hata hili sikulikaza."

Mama akaondoa mkono wake kwenye goti lile.

"Mwaka mzima nakula jikoni, nimefunga mlango," akamwambia. "Nilikuwa nakutunzia heshima, wanao wasione kazi yako ikilegea. Kumbe mwenzangu unanihesabia matonge."

Hasira zangu zilikuwa palepale, ila sasa mama, mwenye haki nazo kuliko mimi, alikuwa amezisema mwenyewe. Muda wa kusubiri ulipotimia, kaka akanyoosha mkono kuchukua spana. Mama akaiwahi. Akaniwekea mimi kiganjani, akalaza kichwa kwenye kiti, akafungua mdomo.

Nikakaza. Skrubu ilizunguka tena, kidogo tu, na kaka alikuwa amesimama pembeni anaiona.