Aliyemsindikiza Mkwewe

Mwaka ule wa hamsini na tatu, msimu wa korosho ulipopamba moto, Mwaisha binti Bwanaheri, nesi wa zahanati ya Chimbende, alikuwa amechoka mpaka kope. Dresa wake, msaidizi wa kusafisha na kufunga vidonda, aliomba ruhusa ya siku tatu kwenda kuzika Kitaya, na sasa wiki ya pili inaisha hajaonekana. Hospitali ya mjini, badala ya kumletea dresa mwingine, ikamletea mwanafunzi.

Mwanafunzi mwenyewe aliitwa Fauzia, binti wa muuza vitambaa wa Mikindani. Alikuwa msichana msafi, mwepesi wa mikono, na asiyejua uvivu. Kasoro yake ilikuwa maswali. Kwa nini kidonda kioshwe kuanzia katikati? Kwa nini mtoto huyu apewe dawa ya maji na yule ya vidonge? Mwaisha alimjibu siku ya kwanza, akamjibu siku ya pili, na siku ya tatu akamwambia kwamba zahanati ya Chimbende si darasa, na kwamba mdomo nao huhitaji kupumzika.

Jumatatu hiyo watu walikuwa wamejaa barazani tangu alfajiri. Kila mgonjwa alipewa kipande cha boksi chenye namba, maana bila namba watu wa Chimbende walikuwa tayari kung'oana kanzu. Namba ya nne ilikuwa ya Bi Somoe, mwanamke wa makamo aliyetoka upande wa Mpapura na jino lililomvimbisha shavu zima. Alilia, akaomba dua, akamlaumu marehemu mumewe, akalia tena. Ukimgusa analia, ukimwacha analia zaidi.

"Bi Somoe, fungua mdomo," alisema Mwaisha.

"Nimefungua, mwanangu."

"Hujafungua, mama. Unaongea."

Robo saa ikapita hivyo, koleo mkononi, watu wanasonya nje. Hapo Fauzia akaingia na kusimama pembeni kwa ule utaratibu wake wa mtu anayetaka kuuliza.

"Bi Mwaisha, kuna kijana barazani. Nimempa maji, mkono wake wa baridi, na jua lote hili. Nimemhesabu mshipa, unakwenda mia na nne."

"Ana namba?"

"Hana. Ni mkwewe Bi Somoe, amemsindikiza."

"Basi amesindikiza. Ametembea na jua, kachoka. Njoo unishikie kichwa cha mama huyu."

Mwaisha alichungulia mlangoni, kweli. Alimwona kijana amekaa mwisho wa benchi, baiskeli imeegemezwa ukutani, mzigo wa mkwewe bado umefungwa nyuma. Kijana alimwamkia kwa adabu. Hakuwa na jeraha, hakuwa na bandeji, hakulia. Mwaisha akaitikia marahaba, akarudi kwenye jino.

Jino halikutoka. Bi Somoe aliuma koleo kama aliyepewa muwa. Mwaisha akamwambia akae apumue, akachukua namba ya tano, mtoto mwenye sikio linalotoa usaha, kisha ya sita, mzee aliyekuja kusema kwamba leo hajambo. Jasho lilimtiririka mgongoni. Katikati ya maelezo ya mzee kuhusu jinsi asivyoumwa, Fauzia akarudi.

"Bi Mwaisha, samahani."

"Fauzia, nitakurudisha kwenu."

"Yule kijana. Anasema bega la kushoto linamuuma. Nimemuuliza kama aliligonga, anasema hapana. Alianguka na baiskeli kwenye mteremko wa mchanga, usukani ukamgonga hapa." Fauzia alijigusa chini ya mbavu, upande wa kushoto. "Sasa nauliza, kama kagongwa tumbo, kwa nini liume bega?"

Mwaisha alifungua mdomo amkaripie, kisha swali likamfikia. Jibu alikuwa nalo. Alifundishwa miaka minane nyuma, na nchi hii ambamo kila mtu amekulia kwenye homa, na bandama za watu zimevimba, ilikwisha kumfundisha mara mbili tena: bandama ikipasuka, damu hujaa tumboni kimyakimya, na maumivu hupanda begani.

"Mshipa sasa?"

"Mia na ishirini na nane. Na mdogo, kama uzi."

Mwaisha alimwacha mzee na hadithi yake.

Kijana, jina lake Shaibu, alikuwa amepauka midomo. Walimlaza kwenye mkeka. Alipoona mkwewe anatazama kutoka mlangoni, alijaribu kuinuka.

"Lala," alisema Mwaisha.

"Mama yupo pale. Si vizuri nilale mbele yake."

"Lala, Shaibu. Adabu yako ameiona." Alimgusa tumbo mara moja, kwa viganja, akalikuta gumu. Fauzia akanyoosha mkono naye ajaribu. "Usiguse. Imetosha. Mfunike, miguu ipande juu, na asinywe tena maji."

Ng'ambo ya barabara, penye mizani ya korosho, palikuwa na lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini, tayari limejaa. Dereva, Athumani, alikuwa anakula muhogo Mwaisha alipomwambia ashushe mzigo ampeleke mgonjwa hospitali ya mjini.

"Siwezi kushusha mzigo, Bi Nesi. Bosi ataniuliza."

"Mwambie aje aniulize mimi."

"Yeye si mtu wa kuambiwa."

"Na mimi leo si mtu wa kuambiwa. Shusha magunia ya juu. Ya chini yaache, lori tupu litamrusha mgonjwa kama choroko kwenye ungo. Na uende polepole penye mashimo."

Athumani alitazama uso wake, akaweka muhogo chini. Wanaume waliokuwa na namba barazani ndio walioshusha magunia, wala hakuna aliyelalamika kwamba amerukwa. Fauzia alipanda na Shaibu, na barua ya Mwaisha kifuani.

Lori lilipoondoka, Mwaisha alirudi ndani akamkuta Bi Somoe kanyamaza.

"Alianguka mbele ya macho yangu," alisema Bi Somoe. "Nikamuuliza, umeumia? Akasema hapana, mama, twende. Nami njia nzima nalia jino."

"Asingekwambia. Wewe mkwewe."

"Kweli. Lakini wewe si mkwewe."

Mwaisha alichukua koleo. Aling'oa jino, na safari hii Bi Somoe hakutoa sauti. Kisha alifanya kazi mpaka namba zikaisha, akiwa na hasira na dresa, na Bi Somoe, na vile vipande vya boksi, na zaidi ya wote, na yule mwanamke aliyechungulia mlangoni akamwona mtu anakufa kwa adabu, akamwitikia marahaba.

Fauzia alirudi Alhamisi, gauni limejaa vumbi la korosho. Shaibu alipasuliwa jioni ileile, bandama ikatolewa, ndugu zake wawili wakatoa damu. Daktari alisema angechelewa saa moja tu, wangefika na maiti.

"Aliuliza nani aliyegundua," alisema Fauzia. "Nikamwambia ni wewe."

"Umemdanganya."

"Wewe ndiye uliyejua ni bandama."

"Nilijua baada ya kuambiwa mara mbili. Mara ya kwanza nilikupuuza, kwa sababu alikuwa kimya na wewe ulikuwa unanichosha." Mwaisha alivuta kiti. "Kuanzia kesho, kabla ya kugawa namba, utapita barazani umshike mkono kila mtu. Wote, hata aliyekuja kusindikiza. Atakayekuwa wa baridi, au mshipa unakimbia, ananijia kwanza, hata kama Bi Somoe watatu wanalia."

Fauzia alikuwa na swali.

"Na nikikukuta katikati ya jino?"

Mwaisha alifumba macho, akayafumbua.

"Nivute nguo," alisema. "Nitakasirika. Wewe vuta tu."