Wimbo Uliowapandisha Darini

Jumanne saa nne asubuhi, dobi wa hoteli alikuwa anapiga pasi foronya ya mia moja na kumi na mbili pale mama yake alipomtumia wimbo kwenye simu. Ulikuwa muziki wa dansi wa zamani, magitaa matatu na tarumbeta moja iliyochelewa kuingia. Dobi aliufungulia huku akiendelea na kazi. Ulipofika kwenye kiitikio, visigino vyake viliacha sakafu. Alinyoosha mkono kuishika pasi, hakuifikia, basi akamwomba mwenzake aizime asije akaunguza foronya ya watu.

Wimbo wenyewe aliwahi kuuchukia. Kule nyumbani mama alikuwa akiupiga kila siku ya kufua, na binti akiziba masikio na kuuita muziki wa wenye mvi za puani. Filamu za kwao nazo alizicheka mpaka mbavu zikamuuma: mjomba anakunywa sumu, anachukua robo saa kufa, na muda wote huo kivuli cha mpiga picha kiko ukutani kinajikuna. Yeye alikuwa mtu wa filamu za ng'ambo. Kisha akaja huku ng'ambo, na mwaka wa tatu akajikuta anamlilia yule mjomba. Mwaka wa nne aliweza kukohoa pamoja naye, kikohozi kwa kikohozi. Mwaka wa tano ndio akaanza kuelea.

Hakuelea peke yake kwa muda mrefu. Mpishi wa keki, pande la mtu, naye alitoka kwao, na walizoea kula chakula cha mchana pamoja. Dobi akamwekea ile filamu. Mjomba alipoanguka mara ya tatu, mpishi alipaa taratibu na bakuli la krimu mkononi, mpaka kofia yake ikabonyea kwenye dari.

"Dada," alisema kutoka kule juu, "huyu mzee anajua kufa."

"Subiri aombe maji," alisema dobi, naye akapanda kumfuata.

Msimamizi wa hoteli alipowakuta huko alitazama saa yake. Kesho yake alibandika tangazo kwamba wafanyakazi wanaoelea waelee baada ya kusaini, na wavue viatu. Ngazi mbili za hoteli zikapelekwa stoo. Kila asubuhi waliwekewa nyimbo za kwao ukumbini, wakapewa matambara, wakafuta feni, taa za vioo, na zile pembe ambamo buibui walikuwa wamekula raha tangu hoteli ifunguliwe. Hawakulalamika. Kusema kweli, siku hizo walikuwa na furaha ya watoto waliofunga shule. Walikimbizana kati ya taa, walizungushana kwa ncha za vidole, na mpishi alijifunza kubinuka bila kumwaga krimu. Wageni waliinua vichwa, wakawaomba taulo.

Alhamisi moja, tarumbeta ikiwa imeshaingia, dobi alipanda hadi kwenye kijidirisha kilicho juu ya mlango wa ofisi ya msimamizi. Pasipoti za wafanyakazi zilichukuliwa siku ya kwanza ya kazi, na kila walipouliza waliambiwa kwamba ziko serikalini, zinashughulikiwa. Dobi alipangusa kioo, akaziona. Zilikuwa zimepangwa juu ya kabati, chini ya chungu cha maua. Yake haikuwa kabatini. Ilikuwa imekunjwa mara mbili na kuwekwa chini ya mguu mmoja wa meza.

Alishuka, akabisha hodi, akaomba pasipoti yake na likizo ya mwezi mmoja. Alieleza kwamba mama yake anatimiza miaka sabini, kwamba goti la kulia limeanza kumgomea, na kwamba kuna wimbo anataka kuucheza naye kabla la kushoto halijaiga. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu. Kisha aliiegemea meza kwa viwiko vyote viwili, kuipima.

"Ukiichukua, itayumba," alisema. "Halafu zile taa za juu nimwachie nani? Tutaangalia."

Jumapili jioni mama alipiga simu ya video. Alikuwa amevaa gauni lake la maua, na viti vyote amevisogeza ukutani. Aliweka wimbo, akaanza kucheza huku ameshika mgongo wa kiti kimoja, nyayo zake zote mbili sakafuni. Dobi, aliyekuwa kaning'inia karibu na balbu, alimuuliza kama yeye huwa haelei.

"Nielee niende wapi?" mama alisema. "Mimi niko kwangu."

Mpishi alipita kichwa chini, miguu juu, akamwamkia shikamoo. Mama aliitikia marahaba, akamwambia afunge vifungo vya shati, tumbo liko nje. Wote watatu walicheka mpaka simu ikatikisika. Mama alipopata pumzi aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, likizo ni lini.

"Wamesema wataangalia."

Mama alikuwa amefanya kazi majumbani mwa watu miaka thelathini, na neno hilo alilijua. Aliurudisha wimbo mwanzo, akashika kiti chake. Dobi, aliyekuwa ameshuka na kushika meza ya pasi, akaiachia, akapanda tena akizunguka, mikono wazi, mpaka mgongo ukagusa dari. Huko juu palikuwa safi kabisa. Alikuwa amepasugua yeye mwenyewe asubuhi ile.