Kisiwa Kilichohama Ihefu

Nilitoka Uyole kuchora ramani ya kisiwa kidogo kisichokaliwa na mtu kwenye kinamasi cha Ihefu. Siku tatu nzima, nikiwa mlangoni mwa hema langu lililokitazama kisiwa, nilichora kichuguu, migunga miwili, viota arobaini vya korongo, na viboko upande wa kina. Asubuhi ya nne nikafungua hema. Mbele yangu maji matupu! Kisiwa kiko kule mbali, kushoto.

“Kashindye!” nilimfokea mfugaji aliyenivusha kwa mtumbwi. “Kisiwa kinahama na wewe umenyamaza tu?”

“Ulikuwa unahesabu, dada. Kwetu anayehesabu ng'ombe hasemeshwi.”

“Nimemaliza! Haya, sema!”

“Kisiwa hakijahama. Wewe ndiye uliyepiga hema juu ya matete yanayoelea.”